Babu Yetu Kwenye Daftari za Aden

Aden

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Khadija, Mkomani, Lamu.

Salamu za mwanao zikukute mzima, na lile goti lako likiwa limepoa. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila makaa ya mawe tunayopakia melini yameniingia hadi masikioni, na maji ya hapa twayanunua kama samli. Hayo nimeyazoea. Nisichoweza kukizoea ni habari aliyoniletea dada.

Ameniandikia kuwa Bakari akisoma maulidi, Zena hufungua dirisha la juu. Mbona nikisoma mimi halikufunguka? Mama, nina wivu, sifichi. Naionea wivu kofia yake, naionea wivu sauti yake, na zaidi ile nasaba aliyoitundika ukutani. "Sisi twaiyua ndia tuliyokuya nayo," Bakari aliniambia mbele za watu, akijivunia njia waliyojia wazee wake. "Wewe umezuka wapi?" Na Bwana Shee, babake Zena, unamjua, hamwozi binti yake mtu asiyejulikana asili. Hata ya Bakari hakuipokea. "Karatasi ya ukutani haitoshi," alituambia sote wawili. "Nileteeni shahidi."

Basi nimemtafuta huyo shahidi. Hapa bandarini zimewekwa daftari za zamani za abiria waliopita wakitoka bandari ya Shihri kwenda pwani yetu. Karani mmoja Mhindi, mtu wa mzaha, alikubali kunifungulia. Sikuanza na babu yetu, Mama. Nilianza na wa Bakari, nikiomba asiwemo.

Yumo. Said bin Umar, mfumaji, aendaye Lamu. Roho ikaniuma. Kisha karani akashusha kidole mstari mmoja: Awadh bin Umar, mfumaji, nduguye.

Babu yetu!

"Umempata mzee wako," karani akacheka, "mbona umenuna?"

Kumbe ndiyo maana babu alikuwa akizunguka kichochoro cha nyuma, asipite barazani kwa kina Bakari. Sijui waligombania nini hata watoto wao wasiambiwe kuwa ni damu moja. Nimekwenda kutafuta asili yangu, nikaambiwa Bakari ni ndugu yangu.

Karani amenipa nakala yenye muhuri. Mara mbili nimetaka kuichana. Nikiituma, namthibitisha Bakari. Nisipoituma, nabaki mtu wa kuzuka. Nimeitia humu ndani. Mpelekee Bwana Shee, aisome mbele ya Bakari, kisha amuulize Zena mwenyewe amtaka nani, maana sasa tu sawa.

Msalimie mjomba, fundi wa Matondoni. Msalimie dada, na asiniandikie tena mambo ya madirisha. Na haya, msalimie Bakari, ndugu yetu.

Niombee dua, Mama. Miaka yote nimejiambia kuwa Zena nanyimwa kwa sababu ya nasaba. Sasa akimchagua Bakari, sina tena cha kusingizia.

Mwanao,
Athumani