Namba Tasa kwenye Jiwe la 'Mapuseletso

Morija, 3 Septemba

Binti yangu mpendwa Puseletso,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila magoti yananung'unika. Natumaini wewe na kazi za chuo huko Bloemfontein hamjambo. Uniwie radhi kwa kukusumbua katikati ya muhula.

Jiwe la kaburi la mama yako litafunuliwa Jumamosi, tarehe 28. Chini ya jina lake, 'Mapuseletso, Ntate Phakiso, mchonga mawe, ataandika 11111111111111111: moja kumi na saba mfululizo. Unajua alivyozipenda namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, na jinsi sisi walimu wawili tulivyoihangaikia hii wakati wa ugonjwa wake. Nimemaliza kuigawa. Ni tasa. Tafadhali ithibitishe kwa kompyuta yenu, kwa heshima yake tu.

Baba yako


Bloemfontein, 11 Septemba

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo; magoti uyakande kwa maji moto. Barua hii nimeichana mara mbili. Baba, inagawanyika: ni 2,071,723 mara 5,363,222,357. Kigawanyo chake kidogo kabisa kinazidi milioni mbili! Ilijificha vizuri mno. Wewe uliishia wapi?

Lakini ongeza moja mbili, ziwe kumi na tisa. Hiyo ni tasa kweli, na ni ya ajabu. Safu za moja zilizo tasa ni ya tarakimu mbili, ya kumi na tisa, ya ishirini na tatu, kisha hakuna nyingine mpaka mia tatu na kumi na saba. Mwambie Ntate Phakiso asubiri.

Mwanao


Morija, 30 Septemba

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi; afya yangu ni njema. Barua yako ilikuta jiwe limekwisha kuchongwa. Nisamehe. Niliishia 9,973, mwisho wa jedwali la shule ya misheni. Mama yako, angali mgonjwa, aliniambia, "Mzee wangu, kilichoisha ni kitabu, namba bado." Nami nilimnunia.

Niliogopa kusimamisha uongo juu ya kichwa chake. Nikaenda kwa Ntate Phakiso, kofia mkononi.

"Mwalimu amekosa hesabu!" Alicheka mpaka akaangusha patasi. "Na mimi ulinichapa kwa saba mara nane!"

Nikamwomba radhi kwa hilo pia. Akapima jiwe. Namba alikuwa ameiweka katikati.

"Mbili tu, Mwalimu? Moja kushoto, moja kulia. Ungeniambia nipunguze, hapo ningelia."

Jumamosi, tulipoondoa blanketi la mama yako juu ya jiwe, shangazi yako Matumelo alihesabu kwa kidole, kwa sauti, watu wote wakimfuata.

"Kumi na tisa! Na mtu akitaka kuigawa?"

"Ajaribu," nikamjibu.

Sikutilii shaka hata kidogo, binti yangu, ila samahani, nimeanza tena. Kila asubuhi naigawa kwa namba moja kutoka kwenye jedwali. Inanikatalia. Kisha nakunywa chai yangu, nimeridhika kabisa.

Baba yako