Ukoga Chini ya Lami

Kambi ya mkonge, Kibaha
Mfungo Sita, 1951

Kwa mwanangu Isihaka, huko Tanga,

Salamu nyingi, mwanangu. Hujambo? Kifua kimetulia? Sisi huku tunaamka. Baba yako hajui kama nakuandikia, lakini kila siku anakutaja. Mdogo wako Zena anakupa shikamoo na anauliza khanga uliyomwahidi. Bibi yako yuko Kibuta, miguu inamsumbua ila mdomo mzima; majuzi katuletea muhogo na maneno juu yake. Shangazi yako Mwanahalima naye salama, mbuzi wake kazaa.

Mimi, Isihaka, moyo wangu si mzima. Unalikumbuka tangi kubwa la maji pale kiwandani, lililosimama juu ya miguu ya chuma, na chini yake wanawake wanaosha singa za mkonge. Zena ni mmoja wao. Baba yako ndiye mkubwa wa wanaolisafisha. Ulipokuja likizo kutoka huko unakojifunza kazi ya chuma, ulimweleza kwamba ule ukoga mweusi wa ndani, unaonuka kama yai viza, una uhai. Ni vijidudu visivyoonekana, vimejijengea nyumba juu ya chuma na huko chini vinakila. Ukamwambia asichoke kuukwangua kwa brashi ya waya, asuuze kwa dawa ya chokaa, akaushe, ndipo apake lami. Alicheka kwamba sasa mtoto anamfundisha baba kuoga, lakini alishika.

Basi tangi limeanza kutoa jasho. Nilipompelekea baba yako chakula nikadondokewa. Akasema ni umande. Umande wa saa saba mchana. Nikamwendea nyapara, Bwana Saburi, kumwomba wanawake wasogezwe. Akaniuliza tangu lini mama Isihaka anaogopa maji, tangi kapaka lami mumeo mwenyewe, linang'aa mtu angeweza kujitazamia akinyoa ndevu, kamwulize yeye. Na meneja hataki mashine zisimame, bei ya mkonge iko juu.

Nikarudi kwa baba yako, nikamkalia mpaka akaniambia. Zamu ya kupaka lami iliangukia Ramadhani. Wenzake wote wamefunga, na mle ndani harufu inatapisha, maji machafu yanaruka mpaka mdomoni. Salehe alitapika pale pale kwenye mlango wa tangi, akalia kwamba saumu yake imekwenda. Baba yako akawaonea huruma. Akawaambia wasikwangue, ukoga ukikauka wapake lami juu yake, mfungo ukiisha watarudia. Mfungo ukaisha, meneja akakataa tangi kufunguliwa tena. Lami ikawafunika wale wadudu kama blanketi, wakaendelea kula. Juzi baba yako kagusa chuma kwa bisibisi, kwa nje, ikazama. Kaziba kwa kitambaa na nta.

Nikamwambia akaseme. Anasema akisema, wote walioingia mle watafukuzwa pamoja naye, na wao walifuata neno lake. Asiposema, wanawake wako chini. Zena nimemwambia ajifanye mgonjwa. Yuko ndani, ananinunia. Wenzake nitawaambia nini, wote wawe wagonjwa?

Hayo ningeyavumilia, ila hili sikuweza kukuficha. Baba yako siku hizi hali na wenzake kivulini. Akipata nafasi anakwenda kukaa chini ya tangi, pale pale panapodondoka. Nilimwomba aondoke. Akasema likishuka limkute. Nimeshindwa kumwinua, mwanangu. Jana nikakaa naye. Tone likiniangukia begani ananipangusa kwa kiganja.

Wewe unakijua chuma, na pengine meneja atakusikiliza. Niambie kama ipo dawa ya kuwaua wale wadudu bila kumwaga maji, au uje useme wewe, baba yako asitaje jina la mtu. Nisalimie wote unaokaa nao, na huyo mama anayekupikia mwambie namshukuru.

Ni mimi mama yako,
Mwamini binti Mwinyijuma

Usingoje posta. Mpe jibu dereva yeyote anayeshuka huku, hata liwe neno moja, maana kesho nami nitakuwa nimekaa pale.