Kijiko cha Babake Nina

Baba,

Nimerudi salama. Najua ungeanza kwa kuuliza kama nilikula vizuri, kwa hivyo nikujibu kabisa: nilikula, hata nyama ya farasi, na usinicheke kwa sababu ni wewe uliyetuambia ni tamu.

Nyumba hapa Matinyani iko vile uliiacha, ila kimya kimezidi. Tangu tukuzike, kila asubuhi bado napima unga wa uji wa watu wawili. Mkono haujapata habari. Nakunywa wangu, wako nawamwagia kuku, halafu naosha kile kijiko cha mti na kukirudisha mahali pake pa miaka yote.

Ni kijiko hicho kimenifanya niandike. Ulikuja nacho ukiwa kijana, uliporudi kutoka kusomea mambo ya visima kwa Warusi. Ulipewa na Nina, mpishi wa bweni lenu. Babake alikichonga kambini, kule watu walikopelekwa kufanya kazi ngumu hadi wengi wakafa, akamtuma mfungwa aliyeachiliwa akifikishe nyumbani. Yeye mwenyewe hakurudi. Nina hakuwa na mtoto wa kumwachia, akakuachia wewe. Sisi tulikorogea uji tukidhani ni kijiko tu. Halafu ile wiki ya mwisho hospitalini ukanishika mkono ukasema, "Mwende, kile kijiko si chetu. Kirudishe kwao." Nikakubali. Nani hukatalia mzazi akiwa pale?

Kazi iliponipeleka Kazakhstan, nchi ile ile ya kambi hiyo, kwa kozi ya miezi miwili, nilikifunga kwa leso nikakibeba. Jumamosi moja nikapanda basi hadi kwenye kambi uliyoniandikia jina lake. Siku hizi ni makumbusho. Nchi yenyewe ni tambarare kama kule Kyuso, ukiondoa miti yote na kuongeza baridi. Nilikuwa na kilo mbili za ndengu mkobani, maana ulitulea ukisema, "Huwezi ingia kwa mtu mikono mitupu, hata kama ni kwa askari." Mama wa mlangoni alidhani nauza. Tulielewana kupitia simu yangu inayotafsiri, ndipo akazipokea kwa mikono miwili, akaziweka mezani kando ya tiketi.

Ndani nilitembea peke yangu. Vitanda vya mbao, makoti yaliyoliwa na nondo, picha za watu wa umri wangu. Kisha nikafika kwenye kabati la kioo lililojaa vijiko, vya mti na vya bati, na hakuna anayejua vilikuwa vya nani. Nikalia, Baba. Si kwa ajili yao pekee. Nilikiona akilini chetu kimelala mle ndani bila mtu wa kukiosha, na mimi nikirudi kwa nyumba ambayo hata hicho hakimo.

Yule mama alitafuta jina la babake Nina vitabuni, lile lililochorwa kwa msumari kwenye mpini. Alitafuta muda mrefu. Halikuwepo. Akanieleza kambi zilikuwa nyingi, na huenda hata Nina aliambiwa vibaya. Sasa nikuambie ukweli: nilifurahi. Mtu amepotea hadi kwenye karatasi, na mimi nafurahi kwa sababu nitabaki na kijiko. Niliona aibu, nikashindwa kumtazama yule mama usoni.

Aliniuliza kama ningependa kukiacha hata hivyo, pamoja na vile vingine. Nikakataa. Nikamwambia uliniagiza nikirudishe kwao, na pale si kwao. Ila nilimwomba aandike jina la yule mzee katika daftari la wanaotafutwa, na chini yake aandike: Mwende, Matinyani, Kitui, Kenya. Mtu wa ukoo huo akija siku moja kuuliza, aambiwe kijiko kiko wapi.

Kwa hivyo sijatimiza ulichoniagiza, Baba, wala sijakukaidi. Nimekibakisha nyumbani na sitakifungia kabatini. Nakuahidi nitakitumia na kukiosha kila siku, hadi mwenyewe apatikane.

Pumzika sasa. Ukimwona Nina huko, mwambie bado tunamtafuta babake. Unga nitaendelea kupima wa watu wawili. Kule Kazakhstan ni mbali sana, na mtu wa ukoo wao akija kutoka huko asikute sufuria tupu.

Mwende wako