Bibi Juu ya Mbuzi

Dada Zaituni, shikamoo. Mimi mzima, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Katika kile kitabu cha picha cha watoto kilichonileta Tanga, niliandika: "Bibi amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi." Mchoraji wetu, Mzungu mpole anayetembea na kamusi, akachora bibi amepanda mnyama mwenye pembe na ndevu, nazi mkononi. Ningeweza kumsahihisha kwa neno moja, lakini shetani alinipitia. Jana nikampeleka Tongoni kwa Shangazi Mwanahamisi, nikamkabidhi shangazi ile picha.

Shangazi akaitazama. "Huyu nani?"

"Bibi wa hapa pwani," mchoraji akajibu.

"Bibi wa hapa hapandi wanyama, mwanangu. Njoo ukae."

Akamwekea kibao cha mbuzi, akamkalisha juu yake, akampa kizio cha nazi. Maskini alikuna mpaka shati likalowa, na shangazi akimkosoa: "Taratibu, usinikunie na kifuu." Tui likatoka zuri. Tukala wali na samaki changu wa kupaka, mchoraji akaongeza mara mbili.

Kisha akachora upya, shangazi mwenyewe akiwa amekaa mbuzini, na kipini chake puani. Shangazi akaikagua. "Pua umenizidishia," akasema, "lakini ukaaji ni wangu. Mjukuu wangu akifungua kitabu hiki, hatauliza huyu ni bibi wa nchi gani."

Nibusie wanao, na Mungu awazidishie afya nyote.

Mdogo wako,
Salimu