Mayai ya Debra

Kangemi, 3 Machi 2024

Mpendwa Mama,

Hujambo? Goti limepoa? Barua hii nimeituma kwa basi kwa sababu simu yako hushikwa na Baba, na haya si ya masikio yake.

Tangu ndugu yangu Were amlete mkewe Debra huku mjini, ni mimi ninayempeleka kliniki Uthiru. Mimba ina miezi mitano. Nesi alimzungushia mkononi utepe wa kupima lishe, ukasomeka nyekundu. "Huyu mama ako na njaa," akasema, "na si ya leo."

Nikimpikia Debra yai, anamwekea Were. Anangoja tushibe sote ndipo akwangue sufuria. Anasema ulimwapisha huko nyumbani kwamba mjamzito akila mayai mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Hanisikii mimi. Neno lako tu ndilo litakalomfungua.

Mwanao,
Janice

Butere, 14 Machi

Janice binti yangu,

Salamu nyingi. Goti bado linanitesa. Mimi nilizaa saba nikila mwisho, mayai yakienda sokoni, na jembe sikuliweka chini hadi uchungu uliponishika. Usimfundishe mke wa ndugu yako ulafi wa mjini.

Mama yako

Kangemi, 20 Machi

Mama,

Natumai u mzima. Ulizaa saba, tumebaki watano. Wale wawili walikuwa wadogo kiasi gani? Siulizi kwa ubaya. Jana Debra alizirai mbele ya kibanda changu cha mboga, na nimeogopa sana.

Mwanao,
Janice

Butere, 2 Mei

Janice,

Hamjambo? Debra anaendeleaje? Nisamehe kwa kukaa kimya wiki sita. Wale wawili wangetosha ndani ya kofia ya baba yako. Nilisema ni Mungu, nikanyamaza.

Juzi nilichemsha mayai mawili nikayala uani, akina mama wa kanisa wakinitazama. Miaka sitini na mitatu, na ndiyo mara ya kwanza! Janice, kumbe ni matamu hivi? Nililia kiini kikiwa mdomoni. Haya ndiyo tuliyokuwa tukiyauza yote?

Msomee Debra barua hii, Were akiwepo. Mwambie mamake amekula na hajafa. Naye ale, tena awe wa kwanza.

Mama yako, mla mayai

Kangemi, 9 Julai

Mama mla mayai,

U hali gani? Mtoto amefika salama! Ni msichana, kilo tatu kasoro kidogo, sauti ya kuamsha ploti nzima. Nilimshika nikamhesabu vidole. Mtu kamili, hadi kucha, ametoka ndani ya Debra yule yule aliyezirai mikononi mwangu.

Jioni, kama ulivyoagiza katika barua niliyowasomea, Were alimpakulia mkewe kwanza: ugali, mchicha, mayai mawili. Sisi tukangoja, njaa ikituuma. Debra alikula polepole, akamaliza. Kisha akamnyooshea mumewe sahani.

"Ongeza."

Mama, katika nyumba yetu sijawahi kumsikia mwanamke akisema hivyo. Were aliinuka akamwongezea.

Mwanao,
Janice