Nimefundisha Mudugudu Mzima Kuchimba Mitaro Vibaya

Maman Mukeshimana wa redio, nisaidie kabla ya Jumanne, maana Jumanne nitaumbuka.

Mimi ni fundi cherehani wa Nyakarenzo, nina miaka hamsini na mbili, nilikulia Bukavu nikarudi huku na Kifaransa changu, na kwa ajili ya hicho Kifaransa mudugudu, yaani kijiji chetu, ulinichagua niende Kamembe siku tano, kwenye mafunzo ya watu watakaoongoza wenzao kuhifadhi maji, kwa sababu kiangazi cha tatu mfululizo chemchemi yetu inatoa maji kama mzee mwenye shida ya kibofu, na nilienda kwa moyo safi, ila Maman, chakula chao kilikuwa kitamu mno, na siku ya tatu baada ya wali na samaki nilijilaza nyuma ya ukumbi, usingizi ukanibeba, na nilipoamka wenzangu walikuwa wameshafundishwa kupima mitaro, nikaona haya kuuliza. Ijumaa nikapewa sertifika. Mke wangu akaitundika sebuleni.

Nyumbani nikawaambia watu wachimbe mitaro kutoka juu kushuka chini, badala ya kukata mlima kwa ubavu ili maji yasimame na kuingia ardhini. Jirani yangu Nyirabagenzi, mjane, aliniuliza mbele ya wote: "Papa, na maji itabakia wapi? Si itashuka yote kwangu?" Nikamjibu kwa Kifaransa, lugha asiyoijua. Byiringiro, baba wa watoto wanne, akawa wa kwanza kushika jembe.

Mvua moja tu ilinyesha, mchana. Mitaro yangu ikawa mito. Ikabeba maharage ya Nyirabagenzi na choo chake, mlango na paa, mpaka barabarani, na yeye alikuwa ametoka humo dakika mbili kabla. Shambani hakukubaki hata tone.

Kwenye mkutano, mkuu wa mudugudu akauliza nani amekosa. Maman, mdomo wangu ulijisemea: "Ni Byiringiro, alichimba mubaya." Byiringiro akaniangalia, akasema polepole: "Papa, nilichimba vile ulinionyesha." Hakuna aliyemwamini. Mwenye sertifika ni mimi. Wamemtoa kwenye kamati ya maji ya mudugudu, na mke wake hanisalimii tena. Sasa sekta, viongozi walio juu ya midugudu yetu, inataka Jumanne nikafundishe midugudu mingine mitatu. Je, nijifanye mgonjwa? Tafadhali usitaje jina langu.

Mwenye Sertifika, Nyakarenzo

Mwenye Sertifika,

Jina lako sitalitaja. Lakini Nyakarenzo kuna mafundi cherehani wangapi waliobomoa choo cha mjane kwa Kifaransa?

Nimecheka mpaka fundi mitambo akagonga kioo. Kisha nikafika kwa Byiringiro, nikaacha kucheka. Usingizi baada ya wali ninakusamehe, hata mimi ningelala. Aibu ya kuuliza ninaielewa. Lakini ulimwona mtu aliyekuamini, ukamtwisha kosa lako mbele ya majirani. Hapo hukuwa umelala, baba.

Usijifanye mgonjwa. Kesho asubuhi nenda kwa Byiringiro, mke wake akiwepo, useme: "Ni mimi nilikosa." Kwa Kiswahili au Kinyarwanda, tafadhali. Kisha mwombe mkuu aitishe mkutano, urudie maneno hayohayo wakusikie wote, wamrudishe kwenye kamati. Choo utakichimba wewe mwenyewe, kwa mikono hiyo laini ya cherehani.

Mpigie simu leo mwalimu wa Kamembe, umwambie ulilala. Hutakuwa wa kwanza. Mwombe siku moja akufundishe upya palepale mlimani, na umwite Nyirabagenzi asimame mbele, kwa sababu yeye aliona maji yataenda wapi bila kula samaki wa mtu. Jumanne kama bado hujui, iambie sekta hujui. Midugudu mitatu ikisubiri wiki moja haitakufa. Ikikusikiliza wewe wa leo, sina hakika.

Na mke wa Byiringiro akiendelea kununa, msalimie wewe kwanza, kila asubuhi, mpaka achoke kukukasirikia.