Dera Lako Halijavaliwa

Zaina, mtani wangu,

Keshokutwa ni arobaini yako, na dera lako la maua bado limekunjwa kwa mama yako pale Manundu. Nilipaswa kulivaa mimi. Tulikubaliana wodini, vitanda vyetu vikiwa ubavu kwa ubavu. Ulisema, "Mimi Msambaa, wewe Mzigua. Atakayebaki avae nguo za mwenzake awachekeshe wafiwa. Usije ukaniaibisha kwa kulia."

Nimekuaibisha.

Msibani nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, khanga nimeivuta hadi puani. Wakaulizana, mtani wa marehemu yuko wapi? Nikainamia masufuria. Ningewezaje kuigiza mwendo wako wa kukokota chuma cha dripu, mimi niliyeshuka kwenye basi nikatembea bila hata kuhema?

Unaikumbuka siku ya majibu. Mitoki yetu, yale matezi yaliyovimba, ilikuwa shingoni, wako kushoto, wangu kulia, na tulishindana wa nani mkubwa. Daktari akasema seli za saratani yangu zina alama juu yake, na kuna tiba ya kinga, dawa inayoitafuta alama hiyo na kujishikiza hapo, ili kinga ya mwili izione na kuzimaliza. Yako ilikuwa saratani ya mitoki pia, lakini ya aina nyingine. Haikuwa na alama ile. Dawa isingepata pa kushika.

Mimi nikatazama sakafu. Wewe ukaangua kicheko. "Nyie Wazigua mmekaa na Wamasai mpaka saratani yenu imepigwa chapa kama ng'ombe! Yetu imeshuka milimani bila chapa, nani ataikamata?"

Hata nesi alicheka. Nami nilifurahi, Zaina, na hilo ndilo lililonikaa kooni mpaka leo. Sikufurahia utani wako. Nilifurahi kwamba mwenye alama ni mimi.

Dripu ya kwanza iliponitia baridi nikatetemeka mpaka kitanda kikalia, ulinifunika kitenge chako, wewe ambaye dawa yako, ile kemo, ilikuwa imekumaliza nguvu. Ukakaa miguuni pangu ukiniita kuku aliyenyeshewa. Kitenge hicho sijakirudisha. Nimekifua, nimekikunja, kisha nakifua tena.

Sasa nimerudi kwenye meza yangu ya nyanya hapa Chanika. Nimenenepa. Watu wakipita wananipongeza, na mimi najiona kama mtu aliyekula sahani ya mwenzake. Najua dawa ile isingekufaa, daktari alinieleza vizuri tu. Naelewa, halafu nikishika shingo yangu siku nyingine sielewi tena.

Na kuna jambo hukuliona. Nilipokuwa naaga msibani, mama yako aliingiza mkono ndani ya khanga yangu, akapapasa pale palipokuwa na mtoki. Taratibu, kama anayetafuta kitu chake. Akauliza, "Mtoki umekwisha, mwanangu?"

Nikamwambia nawahi basi.

Mama yako mzazi, Zaina! Aliyetuletea uji sote wawili, na wangu akiupooza kwanza kwa sababu nilikuwa na vidonda mdomoni. Nikamwacha mlangoni na swali lake.

Basi keshokutwa nakuja. Nitalivaa hilo dera, na litanibana, wacha wanicheke. Nitashika mpini wa jembe niukokote uani kama chuma chako cha dripu, niwafokee dada zako kwamba chai haina sukari, vile ulivyowafokea manesi. Nitawaambia Wasambaa wote waliopo kwamba marehemu alikuwa mkorofi na alikoroma. Sauti ikinikatika, nitakohoa kidogo niendelee.

Kisha nitamfuata mama yako alipokaa, nimrudishie kitenge. Nitaitoa khanga shingoni, nichukue mkono wake niuweke palepale, nimjibu: umekwisha, mama.

Kwaheri, Msambaa wangu. Sitakimbilia basi.